Mstari wa Sita

Mzee Chuma: Haloo? Haloo! Nani mwenzangu? Sema upesi, nimeacha sufuria motoni.

Kasi: Shikamoo, Mzee. Ni mimi.

Mzee Chuma: Mimi nani? Kina mimi tuko wengi.

Kasi: Kasi, Mzee. Mwanao wa chumba cha mtambo wa kompyuta.

Mzee Chuma: Aaa! Marahaba, marahaba, mwanangu. Ngoja nitoke nje, humu ndani mtandao unakwaruza kama— haya. Hapa kwenye tangi la maji ndipo unaposhika. Unanisikia?

Kasi: Nakusikia.

Mzee Chuma: Mbona unapiga kwa namba ya ofisi? Leo si Jumamosi?

Kasi: Jumamosi, ndiyo. Niko mle mle kwenye baridi yako. Nimevaa sweta mbili na soksi za kuchezea mpira.

Mzee Chuma: [Anacheka] Baridi si yangu, ni ya mtambo. Mimi nilikuwa mgeni wake tu kwa miaka thelathini na moja. Mtoto hajambo?

Kasi: Hajambo, bado yuko kwa bibi yake. Ndiyo namfuata leo. Nina tiketi ya basi la saa nane. Na mama wa hapo nyumbani kwako je?

Mzee Chuma: Mama hajambo. Mzima kabisa. Anakula, anaimba.

Kasi: Kitu gani hicho kinagongagonga?

Mzee Chuma: Geti. Upepo huo. Enhe, lete habari.

Kasi: Mzee, maji yamenifika shingoni. Naweka mlinzi mpya.

Mzee Chuma: Mlinzi wa getini?

Kasi: Mlinzi wa mtambo! Ile programu inayopima mwendo, inayosema mtambo umeelemewa. Ile ya zamani leseni yake inakufa leo saa sita mchana. Sasa ni saa tano na dakika kumi.

Mzee Chuma: Na umeanza leo? Kasi gani hiyo, mwanangu?

Kasi: Nimeletewa jana jioni! Mkurugenzi alikuwa na kifurushi chake mezani wiki tatu, akidhani ni kalenda.

Mzee Chuma: [Anacheka, anakohoa] Kalenda!

Kasi: Usicheke. Barua yangu ya kuacha kazi iko mezani kwake. Kaniambia, "Kalamu nimeshaifungua. Mlinzi akianza kazi tu, nasaini." Na mimi nimeshasaini kile kitabu cha mlangoni kwamba nimeingia. Siwezi kusaini kutoka mpaka kazi iandikwe imekwisha. Sijui nani mwenye roho mbaya aliyeweka sheria ile.

Mzee Chuma: Mimi.

Kasi: Najua ni wewe. Ndiyo maana nakupigia.

Mzee Chuma: Haya. Umefikia wapi?

Kasi: Ukurasa wa kwanza tu. Mipangilio ya msingi. Mistari sita ya kujaza. Nikiikosea, hospitali zote kumi na mbili zinazosoma mafaili ya wagonjwa humu zitanijua jina. Simu ya ofisi nayo siku hizi inakata yenyewe baada ya nusu saa, kwa hiyo tusizungushane.

Mzee Chuma: Soma.

Kasi: Wa kwanza. Jina la mtambo, herufi nne.

Mzee Chuma: Weka lile lile. Mtu mzima habadilishwi jina.

Kasi: Nimeweka. Wa pili. Apime kila baada ya muda gani. Yenyewe imependekeza sekunde moja.

Mzee Chuma: Kataa!

Kasi: Nilijua utapiga kelele.

Mzee Chuma: Kataa, kataa! Nilishaweka sekunde moja mimi, mwaka wa kwanza, kwa ulafi. Nataka nijue kila kitu. Basi mlinzi akawa anakula robo ya mtambo anaouchunga. Mtambo ukawa mzito. Mlinzi akatoa onyo, "Mtambo ni mzito." Siku tatu tunatafuta aliyeulemea, tumefungua kila kazi, tumemsingizia kila mtu. Kumbe mzito ni yeye mwenyewe!

Kasi: Hiyo hukuwahi kunisimulia.

Mzee Chuma: Ningekusimuliaje na nilikuwa mkubwa wako? Weka sekunde sitini.

Kasi: Sitini. Wa tatu, kumbukumbu zikae siku ngapi.

Mzee Chuma: Kumi na nne. Zaidi ya hapo zinakula diski na hakuna anayezisoma.

Kasi: Wa nne, kizingiti cha onyo, yaani mtambo ukielemewa kiasi gani ndipo aonye.

Mzee Chuma: Asilimia themanini na tano. Lakini mara tano mfululizo. Ikipanda mara moja ikashuka, usimsumbue mtu. Mtu analala, mtu anakula, mtu ana— [Pembeni] Nakuja, bibie. Kaa hapo kivulini. Hapo hapo. [Kwenye simu] Haya, wa tano.

Kasi: Nani unamwambia akae?

Mzee Chuma: Mama anapunga upepo. Wa tano!

Kasi: Wa tano ni akaunti itakayomwendesha mlinzi. Hiyo naijua. Nimejaza. Wa sita, mpokea onyo. Inasema, mtu atakayepelekewa onyo kwenye simu, mtambo uki—

Mzee Chuma: Huo ruka.

Kasi: Niruke?

Mzee Chuma: Bonyeza mshale wa chini, endelea.

Kasi: Nimebonyeza. Imenirudisha. "Sehemu hii haiwezi kuachwa wazi."

Mzee Chuma: Basi weka chochote. Weka sifuri.

Kasi: Sifuri kumi... Imekataa. Ngoja nifungue faili la zamani nione liliandikwa nini.

Mzee Chuma: Usifungue.

Kasi: Kwa nini?

Mzee Chuma: Limejaa takataka. Litakuchanganya.

Kasi: Mzee, si wewe uliyenisimamisha hapa saa nzima ukinifundisha? "Kabla hujaandika jipya, soma la zamani." Mpaka nikawa naota.

Mzee Chuma: Nilikuwa nasema mengi. Kasi, mtandao huku—

Kasi: Limefunguka. Mstari wa kwanza sawa, wa pili sitini, sawa...

Mzee Chuma: Haloo?

Kasi: [Ananong'ona tarakimu]

Mzee Chuma: Haloo, mtandao unakwaruza, sikusikii.

Kasi: Unanisikia. Hii namba inaishia arobaini na saba, arobaini na saba.

Mzee Chuma: Namba nyingi zinaishia hivyo.

Kasi: Nimeibonyeza kwa kidole changu sasa hivi. Ni hii tunayoongelea. Umestaafu mwaka wa sita huu, Mzee.

Mzee Chuma: Ilikuwa wiki mbili tu.

Kasi: Wiki mbili gani?

Mzee Chuma: Siku ile ya kuniaga. Watu wanakula keki, mimi nimeingia chumbani nimalizie kukabidhi. Nikafika mstari wa sita. Nimwandike nani? Wewe ulikuwa na tumbo la miezi minane, unapanda ngazi unapumzika kila hatua. Nikasema nijiache mimi. Wiki mbili tu, mpaka ujifungue. Mpaka waajiri mtu.

Kasi: Hawakuajiri.

Mzee Chuma: Hawakuajiri. Wewe ukarudi kazini, mtoto akawa halali, macho yako yamevimba kama umeumwa na nyuki. Nikasema wiki mbili nyingine. Halafu mtoto akaanza kuota meno. Halafu... basi tu. Ikawa.

Kasi: Mimi miaka sita najisifu. Nawaambia watu mlinzi hajawahi kutoa onyo hata moja, mtambo wangu mzima kama kigongo. Kumbe maonyo yote yanakuja kwako!

Mzee Chuma: Mtambo ulikuwa mzima. Ulikuwa unausimamia vizuri.

Kasi: Wewe ndiye uliyekuwa— Subiri. Subiri kwanza. Ile siku ya harusi ya wifi yangu ulinipigia. Ukasema unanisalimia tu, halafu ukasema, "Hebu, ukipita ofisini, itazame foleni ya kazi namba tatu."

Mzee Chuma: Sikumbuki.

Kasi: Nilitoka harusini na viatu mkononi! Nikaikuta imekwama kabisa. Nikasema huyu mzee ana maono. Na ile asubuhi uliyosema umeniota?

Mzee Chuma: Asilimia tisini na nane, siku ile.

Kasi: Na mwezi uliopita, uliponiuliza kama huku kumenyesha?

Mzee Chuma: Hiyo... hiyo ilikuwa tisini na moja.

Kasi: Mzee, nilikuwa nawaambia watu nina baba wa pili. Namwambia mama yangu, yule mzee haipiti wiki bila kunijulia hali. Kwa hiyo hujawahi kunipigia kunisalimia tu?

Mzee Chuma: Nimewahi.

Kasi: Lini?

Mzee Chuma: Siku mtoto alipoanza kutembea.

Kasi: Siku ile nilikupigia mimi.

Mzee Chuma: Aa. Basi. Kasi, mwanangu, kwani onyo likija si ningeweza kusema onyo limekuja? Ningesema neno moja nikakata. Kwa nini nilikuwa nauliza habari za mtoto kwanza?

Kasi: [Anapenga kamasi] Huyo anapita kwenye kioo.

Mzee Chuma: Nani?

Kasi: Mkurugenzi. Anaigonga saa yake kwa kidole. Ndiyo, bosi, nimeiona! Ni saa tano na nusu kasoro. Mzee, nimwandike nani hapa?

Mzee Chuma: Mwandike yeye. Hapo kwenye kioo. Akapigiwe akiwa kwenye kiti chake kinachozunguka.

Kasi: Ngoja. Namba yake ninayo... Imekataa. "Mtumiaji huyu hana ruhusa ya kushika mtambo."

Mzee Chuma: [Anacheka] Angalau mtambo unasema ukweli.

Kasi: Inataka mtu aliye kwenye kundi la waendeshaji. Nimefungua kundi. Kuna watu wawili.

Mzee Chuma: Nani na nani?

Kasi: Mmoja mimi. Wa pili wewe.

Mzee Chuma: Hawajanifuta?

Kasi: Nani wa kukufuta? Wa kufuta ni mimi.

Mzee Chuma: Na lile tangazo la kazi?

Kasi: Limebandikwa miezi saba, limeshafifia. Vijana wamekuja wanne. Wanaiona skrini nyeusi na maandishi ya kijani, wanauliza kipanya kiko wapi. Wa mwisho aliomba kwenda msalani. Mpaka leo.

Mzee Chuma: Basi jiandike mwenyewe halafu uende zako.

Kasi: Mkurugenzi kasema nikijiandika mimi, mimi ndiye wa zamu, na barua inarudi kabatini. Na anayo haki. Aliyeandikwa hapo asiwe mbali na mlango huu zaidi ya mwendo wa saa moja, kwa sababu mtambo huu hauendeshwi kwa mbali. Hiyo nayo ni sheria yako.

Mzee Chuma: Hiyo nayo ni yangu. Nilitunga sheria nyingi, laiti ningejua.

Kasi: Kule niendako ni mwendo wa siku nzima, Mzee. Godoro limeshatangulia. Masufuria yameshatangulia. Chuo kimeshanipa darasa la kufundisha. Na Jumatatu mtoto anaanza darasa la kwanza. Nimemwahidi nitamshika mkono mpaka mlangoni. Nilimwahidi hivyo hivyo kwa chekechea, na sikwenda. Juzi kwenye simu amemwita bibi yake mama, halafu mimi akaniita... akaniita "wewe." Hakunitukana, mtoto wa watu. Hakuwa na jina la kuniita tu.

Mzee Chuma: Basi andika mimi.

Kasi: Mzee—

Mzee Chuma: Andika mimi! Namba unayo, ruhusa ninayo, nyumba yangu haifiki nusu saa mpaka hapo. Kuna gumu gani? Andika, saini kitabu, chukua barua, panda basi.

Kasi: Onyo likija utampigia nani? Mimi sitakuwepo.

Mzee Chuma: Nitakuja mwenyewe. Bado natembea.

Kasi: Na mama?

Mzee Chuma: Mama atakaa. Kwani mama ana nini? Andika, muda unakwenda.

Kasi: Kweli?

Mzee Chuma: Kweli.

Kasi: Wallahi Mzee, sijui nikushukuruje. Naandika... arobaini na saba, arobaini na saba. Imekubali! Imeuliza, "Una hakika?" Nibonyeze ndiyo tu hapa—

Mzee Chuma: Bonyeza.

Kasi: Hilo geti sasa upepo gani—

Mzee Chuma: Ngoja. Ngoja kidogo. Bibie! Bibie, acha kufuli hilo! Utaumia—

Kasi: Mzee?

Kasi: Haloo? Mzee? Kuna nini huko?

Kasi: Haloo?

Mzee Chuma: [Anahema] Nipo.

Kasi: Kuna nini?

Mzee Chuma: Hakuna kitu. Ameshikilia geti. Nimemkalisha.

Kasi: Mama yuko mzima kabisa, ulisema.

Mzee Chuma: Ni mzima. Mwili wake mzima. Umebonyeza?

Kasi: Bado. Niambie kwanza.

Mzee Chuma: Kasi, saa hiyo inakwenda.

Kasi: Iende. Niambie.

Mzee Chuma: Anasahau. Ilianza na ufunguo, yakaja majina ya watoto. Siku hizi anadhani bado niko kazini. Mimi nimekaa naye hapa, nimemshika mkono, ananiambia, "Mume wangu amechelewa, mkimwona mwambieni chakula kinapoa."

Kasi: Tangu lini?

Mzee Chuma: Mwaka wa pili sasa.

Kasi: Na hukusema. Mara zote hizo ulizonipigia.

Mzee Chuma: Nilikuwa nakupigia kwa jambo lingine, si ndiyo umesema? [Anacheka kidogo] Zamani mtambo alikuwa akiuita mke mwenza. Simu ikilia tu, "Haya, nenda, mke mdogo anakuita." Anacheka. Sasa simu ikilia anashtuka, anataka kutoka.

Kasi: Kutoka kwenda wapi?

Mzee Chuma: Basi tu kutoka.

Kasi: Mzee. Mwezi uliopita. Ile ya mvua.

Mzee Chuma: Iache ile.

Kasi: Nini kilitokea siku ya mvua?

Mzee Chuma: Onyo liliingia, nikatoka hapa kwenye tangi nikupigie. Dakika saba. Nilipima baadaye kwenye simu, dakika saba. Nikarudi ndani, hayupo. Nikamkuta njia panda kwenye malori, peku, amelowa chapachapa. Amebeba mwavuli hajaufungua. Anasema ananiletea kazini, nisilowe. Ilikuwa mara moja tu. Sasa nimenunua kufuli. Ufunguo nauvaa shingoni, hata naoga nao. Kwa hiyo hakuna tatizo. Bonyeza.

Kasi: Nibonyeze.

Mzee Chuma: Bonyeza, mwanangu. Mimi nimezoea. Tena nakwambia ukweli, usinionee huruma. Ikilia... ikilia angalau najua kuna mahali hapajanisahau. Wanangu wana kazi zao. Majirani wanasalimia kwa juu ya ukuta. Ikilia nasimama, navaa miwani. Sasa hivi unavyonisomea mistari, nimejisikia mtu. Basi nimesema. Bonyeza.

Kasi: Siku ukija huku kuzima moto, yeye utamfungia ndani?

Mzee Chuma: Saa moja tu. Saa mbili.

Kasi: Ile kazi iliyokwama wakati wa harusi ilinichukua saa tisa nzima.

Mzee Chuma: Kasi, unataka kwenda kwa mwanao au hutaki?

Kasi: Nataka! Unadhani nataka kubaki kwenye sanduku hili la barafu?

Mzee Chuma: Basi usinihoji kama polisi. Bonyeza.

Kasi: Sawa.

Mzee Chuma: Sawa?

Kasi: Sawa, Mzee. [Vibonye vinalia]

Mzee Chuma: Mbona vibonye vingi hivyo? Ndiyo si kibonye kimoja?

Kasi: Kuna mahali nilikosea. Nasahihisha.

Mzee Chuma: Wapi?

Kasi: Padogo. Pamekaa sawa. Inauliza tena, "Una hakika?"

Mzee Chuma: Una hakika?

Kasi: Ndiyo. Nimebonyeza.

Mzee Chuma: Inasemaje?

Kasi: "Mipangilio imehifadhiwa. Mlinzi anaanza." Kwanza inatuma onyo la kujaribu.

Mzee Chuma: Vizuri! Saa ngapi?

Kasi: Saa tano na dakika thelathini na nane.

Mzee Chuma: Umewahi! Si nilikwambia? Basi lenyewe saa nane, utakula, utaoga, utanunua hata peremende za mtoto. Haya, simu nimeishika. Onyo la majaribio likiingia simu itatikisika sikioni, nitakwambia.

Kasi: Mzee, dawa zake mama anameza?

Mzee Chuma: Anameza. Halijaja.

Kasi: Na kutembea anatembea? Yaani mkitoka wote wawili?

Mzee Chuma: Nitatokaje, na onyo linaweza kuja? Mtandao haushiki huko chini bondeni. Tunakaa hapa karibu na tangi. Mbona halijaja? La zamani lilikuwa linafika kabla hujaondoa kidole.

Kasi: Subiri kidogo.

Mzee Chuma: Labda umekosea tarakimu. Nisomee ulivyoandi— Hicho nini?

Kasi: Nini?

Mzee Chuma: Hapo kwako. Kuna kitu kimelia.

Kasi: Ni mashine tu.

Mzee Chuma: Nimekaa na mashine hizo miaka thelathini na moja, usinifundishe zinavyolia. Hiyo ni simu ya mkononi. Imelia juu ya kabati la karatasi. Mimi ndiye niliyekuonyesha kwamba ndipo pekee zinaposhika humo. Kasi.

Kasi: Nipo.

Mzee Chuma: Umeandika nani?

Kasi: Wiki mbili tu, Mzee.

Mzee Chuma: Yallah. Futa. Futa sasa hivi, rudisha namba yangu!

Kasi: Haiwezekani. Wewe nimekuondoa kwenye kundi, huna ruhusa tena. Umestaafu leo, saa tano na dakika thelathini na nane. Hongera. Keki hakuna.

Mzee Chuma: Usinitanie! Barua yako!

Kasi: Jina langu limeshaonekana kwenye skrini yake nje. Namwona hapa kwenye kioo, amefunika kalamu. Ananionyesha dole gumba, anacheka. Ni wiki mbili, Mzee, mpaka wapate mtu. Watampata. Nitamwambia abandike tangazo jipya.

Mzee Chuma: Na Jumatatu?

Kasi: Bibi yake atampeleka.

Mzee Chuma: Mwanangu—

Kasi: Ameshamzoea, hatalia. [Mlio mmoja] Simu hii inataka kukata. Mzee, sikiliza. Nitakupigia. Kila Jumamosi nitakupigia, na nikikupigia ujue hakuna foleni, hakuna asilimia, nakusalimia tu. Umenisikia? Wewe sasa vua huo ufunguo shingoni. Mfungulie mama geti, mshike mkono, mtembee naye. Nendeni mpaka huko chini kusikoshika mtandao.

Mzee Chuma: Rudisha jina langu, Kasi. Nakuomba.

Kasi: [Milio miwili] Msalimie sana. Mwambie yule mke mdogo nimemchukua mimi.

Mzee Chuma: Subiri, subiri usikate— Nakuja, bibie. Ndiyo. Ndiyo, nimetoka kazini. Leo. Nimetoka leo. — Kasi! Hizo wiki mbili haziishi, mwanangu, nakwambia mimi niliyezikaa, hazii—

[Simu imekata.]